Barua ya wazi kuhusu mpangaji anayeuziwa nyumba anayoishi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, Dodoma. Kamishna wa Ardhi Msaidizi, Mkoa wa Dar es Salaam. Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wakurugenzi wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Yah: Muda kati ya kulipa na kusajili

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni watu wa kazi hii. Tunaandika mikataba ya mauziano, tunapima viwanja, tunathamini majengo na tunafuatilia mafaili ya uhamisho wa miliki. Safari hii tunamsemea mteja wa aina moja tu: mpangaji aliyeambiwa na mwenye nyumba wake, "Nauza. Nimekufikiria wewe kwanza, nipe jibu mwisho wa mwezi."

Kwa hesabu ya kawaida huyu angekuwa mnunuzi salama kuliko wote. Paa linavuja wapi wakati wa masika anajua. Maji ya bomba yanatoka siku gani, jirani yupi anagombea ukuta, choo kinajaa baada ya muda gani, yote anayo kichwani. Dalali hamhitaji. Lakini ndiye anayeliwa kirahisi, kwa kuwa anaijua nyumba na hajawahi kuiona karatasi yake, na hela ya kununulia anaitoa vilevile alivyozoea kutoa kodi: mkononi au kwa simu, kwa kuaminiana. Tangu siku anapotoa kishika uchumba, yaani malipo ya mwanzo ya kuishikilia nyumba, hadi siku jina lake linapoingia kwenye daftari la Msajili wa Hati inaweza kupita miaka miwili. Katika miaka hiyo mara nyingi hakuna ofisi hata moja ya serikali inayojua kwamba nyumba ile ina mnunuzi. Pengo hilo ndilo tunaomba mlizibe.

Tuanze na karatasi. Mpangaji akiuliza "nyumba ina hati?" hujibiwa "ipo", na neno hilo hubeba vitu vinne tofauti. Inaweza kuwa hati miliki ya miaka 33, 66 au 99 iliyosajiliwa. Inaweza kuwa barua ya toleo, ile tunayoiita ofa, ambayo mwenyewe hakuwahi kuikamilisha. Inaweza kuwa leseni ya makazi iliyotolewa na manispaa kwa maeneo yasiyopangwa, ambayo ni ya muda mfupi, inahitaji kuhuishwa, na mara nyingi imeshakwisha muda wake kabatini. Au ni karatasi ya kuandikishana ya serikali ya mtaa, yenye muhuri na mashahidi wanne, wawili kati yao marehemu. Kila moja ina bei yake na hatari yake. Kwenye hati iliyosajiliwa mpangaji anaweza kuomba upekuzi kwa Msajili, akajua jina la mwenye miliki, rehani ya benki na zuio (taarifa iliyowekwa kwa Msajili kuzuia nyumba isihamishwe) kama lipo. Kwa zile nyingine hakuna daftari la Msajili la kupekua, kwa hiyo mara nyingi anabaki kumuuliza mjumbe na majirani.

Hata upekuzi wenyewe unahitaji namba ya hati au ya kiwanja, na namba hiyo anayo mwenye nyumba. Mwenye nyumba asiyetaka kuulizwa atasema hati iko benki "kwa usalama". Hati iliyo benki kwa usalama mara nyingi ni hati iliyowekwa rehani, na tungependa kila mpangaji alijue hilo kabla hajaenda kuvunja kikoba chake.

Sasa tuangalie pesa, kwa mfano mmoja ambao tutarudi nao hadi mwisho. Nyumba ya vyumba vitatu Mbagala, kodi shilingi 350,000 kwa mwezi, bei iliyotajwa milioni 60. Kodi ya mwaka ni milioni 4.2, maana yake bei ni sawa na kodi ya miaka 14 na miezi mitatu. Mpangaji akienda benki na milioni 18 zake mkononi, akakopa milioni 42 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 16, rejesho ni kama shilingi 617,000 kila mwezi, karibu mara mbili ya kodi anayolipa leo. Hapo tumechukulia kwamba nyumba ina hati safi, maana bila hati ni nadra benki kumsikiliza. Ndiyo sababu mauziano mengi ya mpangaji na mwenye nyumba hayapiti benki. Yanakwenda kwa awamu: milioni 20 mwanzo, milioni mbili kila mwezi kwa miezi 20.

Awamu si kosa. Kwa fundi, mwalimu au mama lishe ndiyo njia pekee, na wenye nyumba wengi wanaipenda. Kosa liko kwenye stakabadhi. Mnunuzi huleta faili la plastiki lenye vipande vya daftari, na kila kipande kimeandikwa: "Nimepokea sh. 2,000,000 kutoka kwa mpangaji wangu." Sahihi, tarehe, basi. Someni tena maneno mawili ya mwisho. Mwenye nyumba akifariki, au akipata mtu wa milioni 75, vipande vile vinageuka ushahidi wa kodi iliyolipwa mapema. Aliyetuma kwa simu ana ujumbe unaoonyesha kiasi na jina la mpokeaji. Hauonyeshi kwamba ilikuwa awamu ya saba ya bei ya nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuhamisha miliki uwe wa maandishi ndipo utekelezeke. Kipande cha daftari kisichotaja nyumba, bei yote na salio si mkataba huo.

Stakabadhi inayofaa haizidi mistari minne: namba ya kiwanja au mahali nyumba ilipo, bei yote, awamu ya ngapi na ya kiasi gani, salio baada ya malipo. Zaidi ya hapo mkataba useme kodi inaishia lini. Hili huachwa wazi mara nyingi kuliko yote. Katika mfano wetu, mpangaji akiendelea kulipa 350,000 kwa miezi 20 ya awamu, amelipa milioni saba juu ya bei, na nyumba ya milioni 60 imekuwa ya milioni 67. Wapo wanaokubaliana kodi ikome siku ya kishika uchumba, na wapo wanaokubaliana ishuke kadiri deni linavyoshuka: akishalipa theluthi ya bei, kodi inabaki theluthi mbili, kama shilingi 233,000. Sisi tunaona njia ya pili ni ya haki kwa wote, ila ya kwanza haina ubishi wa hesabu kila mwezi. Na kama alikuwa amelipa kodi ya miezi sita mbele, miezi iliyobaki ikatwe kwenye bei na iandikwe.

Mheshimiwa Waziri, ombi letu kubwa liko hapa. Mnunuzi wa awamu kwenye ardhi iliyosajiliwa anaweza leo kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, lakini wachache wanajua, na fomu zake zinahitaji kiapo na mwanasheria. Tunaomba iwepo taarifa fupi ya mauziano ya awamu, ukurasa mmoja, iliyosainiwa na muuzaji na mnunuzi na kuingizwa kwenye e-Ardhi, mfumo wa wizara wa kielektroniki, kwa ada ndogo. Nyumba ikiwa na taarifa hiyo, uhamisho mwingine au rehani mpya isisajiliwe mpaka iondolewe. Iishe yenyewe baada ya miezi 24 isipohuishwa, ili mpangaji aliyeshindwa kulipa asiifunge nyumba ya mtu milele. Tumeona hila hiyo pia, na wenye nyumba wana haki ya kuiogopa. Kwa leseni za makazi na viwanja visivyopimwa, daftari kama hilo likae ofisi ya kata, mtendaji awe na wajibu wa kumwonyesha kila anayeuliza. Halitatoa miliki. Litamzuia mtu kuuza nyumba moja mara tatu, na hilo peke yake lingepunguza mafaili mengi kwenye Mabaraza ya Ardhi na Nyumba.

Kwa Kamishna Mkuu wa TRA tuna jambo la kodi ya faida, ile inayotozwa kwenye faida ya kuuza nyumba. Kisheria ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi, au asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa, kwa asiye na kumbukumbu za gharama. Tuseme mwenye nyumba wa Mbagala alinunua kiwanja kwa milioni 8 na kujenga kwa milioni 30, akatunza risiti zote. Faida ni milioni 22, kodi milioni 2.2. Jirani yake aliyetupa risiti analipa milioni 1.8. Mtajua wenyewe kama hivyo ndivyo mlivyokusudia. Msamaha wa makazi binafsi, ule wa aliyeishi kwenye nyumba miaka mitatu au zaidi na faida yake haizidi milioni 15, mara nyingi haumfikii mwenye nyumba wa aina hii, maana anayeishi mle ni mpangaji.

Shida inaanza baada ya muuzaji kupokea awamu ya mwisho. Hana tena haraka. Uhamisho hausajiliwi mpaka kodi ya faida ilipwe, hivyo anayebembeleza ni mnunuzi, na mwishowe anailipa kutoka mfukoni mwake juu ya bei. Mnao utaratibu tayari kwenye kodi ya zuio ya pango: anayelipa anakata asilimia 10, anawasilisha, anampa mwenzake cheti. Turuhusuni vivyo hivyo kwenye mauziano. Mnunuzi abakize kiasi cha kodi kwenye awamu ya mwisho, apewe namba ya kumbukumbu ya malipo kwa jina la muuzaji, alipe, na risiti ihesabike kuwa sehemu ya bei.

Halafu kuna ule mkataba wa pili, ambao watu wanauita kwa dhihaka "mkataba wa TRA". Wanaandika milioni 30 badala ya 60 ili kupunguza kodi. Ushuru wa stempu ni asilimia moja, kwa hiyo wanadhani wameokoa laki tatu, na muuzaji laki tisa kwenye ile asilimia 3. Hawaokoi. Taarifa ya uthamini inapitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na thamani yake ikizidi bei ya mkataba ndiyo inayotumika. Lakini mauziano yakivunjika, mnunuzi anadai mahakamani milioni 60 kwa karatasi inayosema 30. Mnalijua hili. Andikeni onyo kwa Kiswahili chepesi juu ya fomu yenyewe.

Tukija kwa wakurugenzi, tusizunguke: ni ile asilimia 10 ya bei ambayo serikali ya mtaa hudai kwa kushuhudia mauziano. Viongozi wa wizara wameshasema mara nyingi hadharani kwamba haina msingi wa sheria, na bado inadaiwa. Kwenye nyumba yetu ya milioni 60 ushuru wa stempu, ambao ni kodi halali ya nchi, ni 600,000. Asilimia 10 ya mtaa ni milioni sita, mara kumi yake, na haiji na risiti ya mashine. Anayekataa haambiwi hapana. Anaambiwa mwenyekiti yuko kikaoni. Kwa hiyo watu wanafanya moja kati ya mawili: wanaandika bei ya uongo ili asilimia ipungue, wakaingia kwenye shimo lile la mkataba wa pili, au wanauziana kimya na ofisi ya mtaa isijue kabisa. Yote mawili yanaua ushahidi ambao ndio faida pekee ya kwenda mtaani. Muhuri wa mwenyekiti hauhamishi miliki mjini. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba fulani anajulikana kuwa mwenye nyumba na kwamba mauziano yalishuhudiwa. Kama kazi hiyo inastahili ada, wekeni kiwango kimoja kwa manispaa nzima, kilipwe kwa namba ya malipo.

Kuhusu mwenza na mirathi tutasema machache, kwa kuwa sheria ipo na tatizo ni kutoiangalia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Ridhaa iwe ya maandishi, na mpangaji amuulize muuzaji kama ana mke mwingine hata kama swali linatia aibu. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa. Inauzwa na msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, baada ya jina lake kusajiliwa kwenye hati kama msimamizi, na ni busara warithi wote watu wazima wasaini kwamba wanajua bei. Mpangaji aliyekuwa akimpelekea kodi kaka mmoja kwa miaka kumi hudhani kaka huyo ndiye mwenye nyumba. Alikuwa mkusanyaji tu. Na kwa wanaodhani kwamba kuishi miaka 12 kunawapa nyumba: hapana. Muda huo haumhesabii mtu anayekaa kwa ruhusa na kulipa kodi, na LUKU zote alizonunua, pamoja na kodi ya majengo inayokatwa humo tangu 2021, hazimfanyi kuwa mwenye nyumba.

Suala linalotukera zaidi, kwa sababu halina fomu, ni nyumba ya Kiswahili. Vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo kimoja na bomba moja, wapangaji sita. Mwenye nyumba anauza. Mara nyingi ananunua yule mmoja mwenye uwezo, halafu watano waliolipa miezi sita mbele wanagundua kwamba pesa yao imeondoka na mwenye nyumba wa zamani. Hii inatibika kwa aya moja kwenye mkataba: ziorodheshwe kodi zilizolipwa mbele, zikatwe kwenye bei. Wapangaji watano wa 60,000 waliobakiza miezi minne minne ni shilingi 1,200,000, na mnunuzi mpya anawaacha wamalize muda wao. Tunaomba kipengele hicho kiwe cha lazima kwenye kila mkataba wa nyumba yenye wapangaji.

Wakati mwingine watatu kati yao wanaungana kununua, na hapo ndipo mfumo unapowaacha. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 iliandikwa kwa maghorofa. Inataka kiwanja chenye hati na ramani ya sehemu, na gharama zake hazilingani na vyumba sita vya Manzese. Kinachofaa ni umiliki wa pamoja kwa hisa, unaokubalika chini ya Sheria ya Ardhi: nusu, robo, robo, kila hisa imeandikwa kwenye hati. Bila kuandikwa hisa, mmoja akifariki ugomvi unaanza msibani. Wizara ingetoa mkataba wa mfano wa wanunuzi wa pamoja, unaosema nani anatumia chumba kipi, nani analipia choo kikijaa, na mmoja akitaka kutoka hisa yake inathaminiwa vipi na nani ana nafasi ya kwanza kuinunua. Kurasa tatu zinatosha.

Kuna nyumba ambazo bei yake nzuri ndiyo dalili ya ugonjwa. Kando ya Msimbazi mwenye nyumba anapoharakisha kumuuzia mpangaji, mpangaji ajiulize haraka ni ya nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye barabara kuu hifadhi ni mita 30 kutoka katikati kwenda kila upande, na alama ya X ya kubomolewa, ukuta ukishapakwa rangi upya, mnunuzi haioni. Mpangaji aliyeishi hapo miaka mitano anaweza kukumbuka ilikuwepo, mgeni hatakumbuka. Halmashauri zinazo ramani. Zibandikeni ofisi za kata, zenye mistari ya hifadhi, ili mtu aangalie bila kuandika barua ya maombi.

Na nafasi ya kwanza ya kununua. Leo mpangaji anayo tu ikiwa imeandikwa kwenye mkataba wake wa pango, na mikataba mingi ya pango ni ya ukurasa mmoja ulionunuliwa stationari. Mmekuwa mkizungumzia sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na viwanja. Ikija, iwekeni humo: mpangaji aliyekaa miaka miwili au zaidi apewe ofa ya maandishi yenye bei, aina ya karatasi ya miliki na masharti ya malipo, na siku 30 za kujibu. Akikataa, mwenye nyumba yuko huru. Lakini akishusha bei kwa mtu wa nje, arudi kwanza kwa mpangaji kwa siku saba. Wenye nyumba watasema ni ucheleweshaji. Siku 30 ni chache kuliko muda ambao faili la uhamisho hukaa likisubiri uthamini, idhini ya Kamishna wa Ardhi na hesabu ya TRA, na mpangaji angezitumia siku hizo kufanya upekuzi badala ya kukimbizana na mwisho wa mwezi.

Tunajua sheria mpya haiji kesho, na mfumo haubadilishwi kwa barua moja. Lakini wakurugenzi watano wanaweza kuanza Jumatatu, kwa gharama ya karatasi na gundi: tangazo kwenye mlango wa kila ofisi ya mtaa, lenye muhuri wa mkurugenzi, linalosema ada halali ya kushuhudia mauziano ni kiasi gani, inalipwa kwa namba ipi, na simu ya kupiga ukidaiwa asilimia 10.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Waandika mikataba, wapima na wathamini wa Dar es Salaam